Bolti Iliyoshikwa na Kutu: Namna ya Kufungua Shokomzoba za Malori Pwani ya Mtwara

Kusini ya mji wa Mtwara, baina ya mji huo na mdomo wa Mto Ruvuma, iko kata ya Madimba. Wananchi wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya gesi asilia. Huko ndiko kilikojengwa kiwanda cha kuchakata gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ndiko linakoanzia bomba kubwa liipelekalo gesi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwezi Oktoba 2015. Lakini madereva na mafundi wa malori wanaijua pwani hii kwa sifa nyingine: chuma hakidumu.

Lori lipitalo huku na mizigo ya korosho, nazi, chumvi au mchanga hupigwa na mambo mawili kwa pamoja. Barabara za changarawe huzichosha shokomzoba zake, ambazo gereji nyingi huziita shokapu. Na upepo wa bahari huzishika kwa kutu bolti zilizozifunga. Hivyo shokomzoba inapofika siku ya kubadilishwa, fundi hukuta kwamba kifaa kipya anacho, spana anazo, ila bolti haikubali kuzunguka. Kazi ambayo ingekwisha asubuhi humaliza siku nzima, na mara nyingi bolti hukatika ikaacha kipande ndani ya chesisi.

Jambo hili si dogo. Wako wanaoona heri kuiacha shokomzoba mbovu mahali pake kuliko kupigana na bolti. Kazi ya shokomzoba ni kuutuliza mrukoruko wa springi: ndani yake mna pistoni inayolazimisha mafuta kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ikifa, gurudumu huendelea kurukaruka baada ya kila shimo, na gurudumu lisilokanyaga chini barabara haliwezi kufunga breki sawasawa. Matairi nayo huliwa upande upande. Kwa hiyo bolti moja iliyogoma yaweza kuwa chanzo cha ajali iliyo mbali sana na gereji. Makala hii inaeleza kwa nini bolti hugoma, na namna ya kuifungua bila ya kuivunja wala kujiumiza.

KUTU HUFANYIKAJE

Kutu ni zao la chuma, maji na oksijeni. Kikikosekana kimojawapo, hapana kutu. Chembe za chuma huachia elektroni, nazo hupita katika chuma chenyewe hadi mahali penye maji na hewa. Hapo oksijeni huzipokea. Ili mwendo huu ukamilike, maji hayana budi kupitisha umeme. Maji ya mvua huupitisha kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi mkubwa, na zaidi ya hayo klorini iliyomo katika chumvi hupasua utando mwembamba ambao ungekikinga chuma.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Mawimbi yanapovunjika, matone madogo mno huchukuliwa na upepo na kutua juu ya kila kitu, na kadiri mtu anavyoukaribia ufuo ndivyo anavyoyapata kwa wingi. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini kuelekea nchi kavu kwa miezi kadhaa mfululizo. Msimu wa korosho unapoanza, malori yanapohitajika kuliko wakati wowote, chesisi zake zimekwisha kupakwa chumvi ya miezi yote hiyo.

Wengi hudhani kwamba lori lililolazwa chini ya banda halipati maji. Sivyo. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, hali ambayo usiku wa pwani huifikia mara kwa mara. Kloridi ya magnesi, iliyomo pia katika maji ya bahari, hulowana hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo bolti yenye chumvi haikauki kabisa, hata kiangazi.

KWA NINI BOLTI HUGANDA

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Juu ya bamba lililo wazi jambo hili halina madhara ya haraka: kutu huvimba na kubanduka. Lakini katikati ya hesi za bolti na hesi za nati hakuna pa kuvimbia. Kutu hujaza kila upenyo, kisha husukuma pande zote mbili, na bolti ikawa kama kabari iliyogongewa pahali pake.

Katika shokomzoba za malori ziko sehemu mbili za kuganda, na yafaa fundi aijue ni ipi kabla hajaanza kutumia nguvu. Ya kwanza ni hesi za nati. Ya pili ni pale bolti inapopita ndani ya mrija wa chuma ulio katikati ya bushi ya mpira, kwenye pete ya shokomzoba. Nati yaweza kutoka vizuri, lakini bolti ikakataa kuchomoka, kwa kuwa imeungana na mrija huo kwa urefu wake wote. Anayeendelea kuipigia nati dawa ambayo ingepelekwa kwenye mrija hupoteza muda wake bure.

KAZI HUANZA JANA YAKE

Kwanza usalama. Lori lisimame mahali pa usawa, magurudumu yatiwe kabari, na chesisi pamoja na ekseli vikalie stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia; mtu asiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Katika malori yenye mifuko ya hewa badala ya springi za mabamba, shokomzoba mara nyingi ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Hapo hewa itolewe kwanza, na ekseli itegemezwe kabla bolti haijaguswa.

Kisha hesi zilizo wazi zisuguliwe kwa burashi ya waya. Nati inapotoka itapita juu ya hesi hizo, na kutu iliyoachwa hapo huibana upya ikiwa tayari imekwisha kulegea.

Baada ya hapo hutiwa mafuta ya kupenyeza. Kupenya kwake hufuata kanuni ileile inayoyapandisha mafuta ya taa katika utambi wa koroboi: kimiminika chepesi huvutwa na upenyo mwembamba, na kadiri upenyo ulivyo mwembamba ndivyo kinavyovutwa mbali zaidi. Ndiyo sababu mafuta machafu ya injini hayafai kwa kazi hii, maana ni mazito. Mafuta maalumu yauzwayo madukani ndiyo bora. Yasipopatikana, dizeli au mafuta ya taa huweza kusaidia. Petroli isitumiwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake hudaka moto upesi.

Lakini mafuta hupenya polepole. Kuyatia na kushika spana papo hapo ni kuyanyima nafasi ya kufanya kazi. Fundi mwenye busara huyatia jioni, hugonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, huyatia tena, na kuacha hadi asubuhi. Kule kugonga kuna maana yake. Kutu ni ngumu lakini hukatika kama chaki. Mtikisiko huipasua, na kila ufa ni njia mpya ya mafuta.

NGUVU NA KIASI CHAKE

Spana ifaayo ni ile ya kuzunguka nati yote, tena yenye pembe sita, kwa sababu hukamata nyuso za nati. Ile ya pembe kumi na mbili hukamata karibu na ncha, na nati iliyoliwa na kutu hulainika ikawa duara. Anza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Bolti ikisogea hata kwa nywele moja, irudishwe, itiwe mafuta, ilegezwe tena, mbele na nyuma. Anayeilegeza kwa mfululizo huukusanya unga wa kutu mbele ya nati hadi igande kwa mara ya pili.

Mafundi wengi huongeza bomba refu kwenye mkono wa spana. Yafaa wapige hesabu. Mtu akivuta kwa uzito wa kilo 40 kwenye spana ya sentimita 25, msokoto wake ni nyutoni-mita 100 hivi. Akiongeza bomba hadi mkono ufike mita 1, msokoto huwa karibu nyutoni-mita 400. Bolti ya milimita 16 yenye alama 8.8 kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni-mita 200 hivi tu. Bomba basi humpa mtu nguvu ya kuikata bolti bila ya yeye mwenyewe kuhisi kwamba ametumia nguvu.

MOTO NA HATARI ZAKE

Mafuta yakishindwa, huja moto. Chuma kinapopata joto hutanuka kwa sehemu 12 hivi katika kila milioni kwa kila digrii moja. Nati ya milimita 16 ikipashwa digrii 300 tundu lake hupanuka kwa milimita 0.06 hivi, kiasi cha unene wa unywele. Ni kidogo, lakini chatosha kuivunja kutu. Sharti lake ni kwamba ipashwe nati, siyo bolti, tena upesi, kabla joto halijahamia ndani. Zikipata joto sawa hutanuka pamoja, na faida hupotea.

Kuhusu shokomzoba yenyewe, onyo ni moja na halina msamaha: mwili wake usipashwe moto kamwe. Ni mtungi uliozibwa, wenye mafuta na mara nyingi gesi iliyoshindiliwa. Ukipata moto, shinikizo la ndani hupanda, na mtungi waweza kupasuka usoni pa fundi. Hata nati iliyo karibu sana na mtungi ni afadhali ikatwe kuliko kupashwa. Mipira ya bushi, mipira ya breki na tangi la mafuta nazo ziwekwe mbali na ndimi za moto. Mafuta yaliyotiwa jana yafutwe kwanza. Nati iliyopakwa zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa, hivyo kazi ifanyike mahali penye hewa. Na bolti iliyopashwa hadi ikawa nyekundu isirudishwe kazini, kwa kuwa chuma cha bolti ngumu hupoteza ugumu wake kwa joto hilo.

KUKATA SI KUSHINDWA

Maadamu shokomzoba kuukuu inatupwa, hakuna sababu ya kuihurumia bolti yake. Nati yaweza kupasuliwa kwa tindo kali upande mmoja. Bolti iliyoungana na mrija wa bushi hukatwa kwa msumeno wa chuma, pande zote mbili, katikati ya pete na kishikizo cha chesisi, na shokomzoba hutoka na kipande ndani yake. Macho yakingwe kwa miwani ya kazi wakati wote. Kipande kikibaki katika tundu lenye hesi, kipigwe alama katikati kabisa, kitobolewe kwa ncha ndogo, kisha kubwa zaidi, mpaka ukuta uliobaki uwe mwembamba wa kukunjika.

KINGA

Wahandisi wa mabomba ya chuma yanayozikwa ardhini hukabiliana na adui huyu kwa njia mbili: huyafunika yasiguswe na unyevu, na huyaunganisha na umeme mdogo au na madini mengine, kama zinki, yanayokubali kuoza badala ya chuma. Mwenye lori anaweza kutumia kanuni hizo hizo kwa gharama ndogo.

Anunue bolti zilizopakwa zinki, zenye alama ileile ya zile za zamani, kama 8.8 au 10.9. Bolti laini isiwekwe mahali pa ngumu kwa sababu tu inaingia katika tundu. Shina la bolti na mrija wa bushi vipakwe grisi ya kuzuia kuganda. Hapa kuna tahadhari: bolti kavu inapokazwa, sehemu moja tu hivi katika kumi ya nguvu huivuta bolti, tisa zilizobaki huliwa na msuguano wa hesi na wa chini ya kichwa. Grisi hupunguza msuguano huo, na kwa hiyo anayeikaza hesi yenye grisi kwa nguvu ileile ya zamani huivuta bolti kupita kiasi. Ukazaji wa mwisho ufanywe lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili mipira ya bushi isiishi imejipinda.

Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni maji baridi yasiyo na chumvi. Lori lililobeba chumvi au lililopita ufuoni lioshwe chini, siyo ubavuni peke yake, na bolti za shokomzoba zipakwe grisi tena kabla kusi haijaanza. Ndoo chache za maji ya kisima huigharimu gereji nusu saa. Bolti iliyoganda huigharimu siku nzima katikati ya msimu wa korosho, na shokomzoba iliyoachwa mbovu kwa ajili ya bolti hiyo yaweza kugharimu maisha ya watu.