Nyumba ya bati Juani: jiko lililo juu ya kichwa chako

Umewahi kujaribu kulala mchana kwenye nyumba ya bati isiyo na dari? Basi unajua. Saa nane hivi, feni inazunguka, madirisha yako wazi, na bado unahisi kama mtu amekushikia pasi usoni.

Twende Juani, kisiwa kidogo kinachotazamana na Chole, ng'ambo ya Utende, Mafia. Kama sehemu nyingi za pwani, nyumba za zamani ni za udongo au mawe ya matumbawe, paa la makuti. Mtu akipata hela ya pweza, jambo la kwanza ni kung'oa makuti na kupiga bati. Usimcheke. Makuti yanaoza, lazima uyabadilishe kila baada ya miaka michache, na cheche moja inamaliza kila kitu. Bati linadumu, tena linakinga maji ya mvua, na kwenye kisiwa cha mawe ya matumbawe maji baridi ni mali. Kwa hiyo ushauri wa "rudini kwenye makuti" hausaidii mtu. Swali la maana ni hili: nyumba ya zamani imeshapigwa bati, tuifanyeje iweze kukalika?

Kwanza tuelewe adui. Kwenye nchi za baridi kama Korea, watu hupasha nyumba joto kwa kupitia sakafu. Zamani walipitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu ya mawe, mfumo unaoitwa ondol. Siku hizi wanapitisha mabomba ya maji ya moto. Sakafu haihitaji hata kuwa moto sana. Viwango vya Ulaya vinataka isizidi nyuzi 29 pale watu wanapokaa, na chumba kizima kinapata joto. Sehemu ya siri ni mnunurisho: joto linasafiri kama mwanga, kutoka kwenye sakafu moja kwa moja hadi kwenye mwili wako, bila kungoja hewa ipate moto kwanza.

Bati la mchana ni sakafu hiyo hiyo, ila imepinduliwa na imewashwa mpaka mwisho. Hewa ya moto inabaki juu kwenye kenchi, maana hewa ya moto haishuki. Kinachokushukia wewe ni mnunurisho. Ndiyo maana feni haikuokoi: feni inasukuma hewa, haisukumi mnunurisho.

Huamini? Saa nane mchana simama chini ya bati, kisha weka kipande cha boksi juu ya kichwa chako. Joto linakatika papo hapo. Hewa ni ile ile. Ulichozuia ni mnunurisho.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme bati lenye kutu limefika nyuzi 60. Kila mita ya mraba inatoa karibu wati 630. Ngozi yako, kwenye nyuzi 35, inarudisha kama wati 460. Ziada ya wati 170 ni yako. Sasa weka dari, na tuseme upande wake wa chini una nyuzi 38: ziada inashuka hadi wati 20 hivi. Umeona? Hujaleta mashine yoyote, umeweka kivuli ndani ya nyumba.

Na kutu ina hatia mara mbili. Bati jipya linalong'aa linarudisha sehemu ya jua na pia halitoi mnunurisho mwingi kwa chini. Likipata kutu, na chumvi ya bahari haichelewi, linameza jua zaidi na linamwaga joto zaidi.

Kwa hiyo, ukiwa na hela kidogo, anza na dari. Mbao ni nzuri, lakini hata mikeka iliyokazwa vizuri inafanya kazi kubwa. Acha nafasi kati ya dari na bati, na toboa matundu juu ya kuta ili hewa ya moto itoke. Ukipata karatasi ya alumini, elekeza upande unaong'aa chini, kwa sababu upande unaotazama juu utajaa vumbi na kuacha kung'aa. Tahadhari: dari ya mikeka haipatani na kibatari wala nyaya zilizochunika.

Kupaka bati rangi nyeupe kunasaidia pia. Lakini kama maji ya bati hilo mnakunywa, usipake kitu usichojua kimetengenezwa kwa nini.

Kuta je? Nenda kwenye magofu ya Kua, mji wa mawe ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kushambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska, ukaone kuta nene. Ukuta wa namna ile unachelewa kupata moto, ila unachelewa kupoa pia. Bati linapoa haraka jua likizama. Ukuta ndio unaokunyima usingizi usiku. Basi ukuta wa magharibi upatie kivuli: kipenu, baraza, au mgomba.

Sakafu sasa, iache kama ilivyo. Mzungu anatandika tabaka la kuzuia joto chini ya sakafu yake ili joto lisipotelee ardhini. Sisi tunataka lipotelee huko. Ardhi ya chini ya nyumba, isiyopigwa na jua, ina ubaridi kuliko ngozi yako, na saruji tupu inakunyonya joto taratibu. Bibi anayetandika mkeka sakafuni mchana na kukiacha kitanda chenye godoro hajasoma fizikia ya mnunurisho, lakini jibu lake ni sahihi. Bado dari tu.