Kambi ya Watoto wa Shule Mjini Nairobi: Matayarisho Huanza Nyumbani

Watoto wengi wa shule za msingi katika kaunti za Kisii na Nyamira hulisoma jina la Nairobi vitabuni miaka mingi kabla ya kuuona mji wenyewe. Hufundishwa kwamba huko ndiko liliko Bunge, na kwamba mji ulianzia pale reli ilipofika mwaka 1899. Lakini kusikia si kuona. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala ulioshika mahali pake unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kuona kwa macho yake. Kwa hiyo kambi ya siku nne katika mji mkuu si anasa, bali ni somo.

Hata hivyo, ni somo lenye gharama na hatari. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 300, na watoto wa watu ni amana. Safari hiyo haifanyiki vizuri kwa bahati. Wema wake au ubaya wake huamuliwa kijijini, miezi mingi kabla ya dereva kuwasha basi.

MWEZI WA KUSAFIRI

Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Likizo za shule ni tatu: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Likizo ya Aprili huangukia katika masika. Tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yalivamia sehemu ya Mai Mahiu, ambako hupita njia moja ya kwenda Nairobi, yakaua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo waalimu wengi huona Agosti kuwa afadhali, ingawa asubuhi za Nairobi mwezi huo huwa na baridi na kila mtoto hana budi kuwa na sweta na blanketi.

FEDHA NA HAKI

Fedha ndiyo inayovunja safari nyingi, tena aghalabu si kwa sababu haipo, bali kwa sababu inatakiwa yote kwa mara moja. Mkulima wa chai hupata malipo yake kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Mwenye migomba hupata chochote siku ya soko. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa mwezi wa Julai alete maelfu ya shilingi katika juma moja, atauza mbuzi au atamwambia mtoto abaki nyumbani.

Tuseme watoto ni 45, na gharama zote za basi, chakula, malazi na viingilio ni Sh. 180,000. Kila mtoto atadaiwa Sh. 4,000. Kiasi hicho kinatisha kikitajwa kwa jumla. Lakini shule ikianza kukusanya mwezi wa Oktoba, wakati wa bonasi, yapo majuma 40 kabla ya katikati ya Julai, na mzazi atatoa Sh. 100 tu kwa juma. Akiba haiozi.

Fedha hizo zisikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu namna gani. Ziwekwe katika akaunti ya shule, kila mzazi apewe risiti, na hesabu isomwe mbele ya mkutano wa wazazi kila mwisho wa muhula.

Katika kila darasa wapo watoto ambao hata shilingi mia kwa juma haipatikani kwao: yatima wanaolelewa na bibi zao, na wale ambao wazazi wao ni wagonjwa. Katika mfano uliotajwa, watoto watano wakiwa katika hali hiyo, pengo ni Sh. 20,000. Pengo hilo lisiachwe hadi siku ya mwisho. Bodi ya shule inaweza kuuza sukuma wiki za shamba la shule, kuomba harambee kanisani, au wazazi wakatoa malipo ya chai waliyochuma Jumamosi moja. La muhimu ni kwamba jina la mtoto asiyeweza kulipa lisisomwe mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa kwa ajili ya umaskini hulibeba jambo hilo miaka mingi, na basi likiondoka bila yeye, amefundishwa somo ambalo shule haikukusudia kulifundisha.

RUHUSA NA AFYA

Mwalimu mkuu apate idhini ya bodi ya shule na ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mapema. Kila mzazi atie sahihi cheti cha ruhusa, na katika cheti hicho aandike nambari yake ya simu na ugonjwa wowote alio nao mtoto, kama vile pumu, kifafa au selimundu. Wazazi wengine huficha habari hizo wakiogopa mtoto asije akaachwa. Yafaa waelezwe kwamba mwalimu anayejua ugonjwa wa mtoto anaweza kumsaidia, na asiyejua hawezi. Dawa zishikwe na mwalimu mmoja, zikiwa na jina la mtoto na saa za kumeza.

BARABARA

Njia kubwa ni mbili. Moja hupita Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu. Nyingine hupita Kericho na Nakuru. Njia ya Narok ndiyo fupi, nayo huwaonyesha watoto Bonde la Ufa na mlima Longonot, ambao ni volkano iliyolala yenye urefu wa mita 2,776. Chini ya ukingo wa bonde limo kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Njia yoyote itakayochaguliwa, safari iwe ya mchana. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi usiku kwenda magharibi ya Kenya lilipinduka Fort Ternan, kaunti ya Kericho, kabla ya kupambazuka, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Basi la watoto likiondoka Kisii saa kumi na mbili asubuhi, litapumzika Narok na kufika Nairobi alasiri kukiwa bado kweupe. Siku ya kurudi ifuatwe kanuni hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa maana watoto hutaka kuona jambo moja zaidi, saa zinapita, na giza linawakuta njiani.

Kabla ya kukodi basi, wakaguzi wawili wa bodi waangalie magurudumu, mikanda ya viti na cheti cha bima. Idadi ya abiria isizidi idadi ya viti hata kwa mtoto mmoja. Mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na dereva awe amelala usingizi wa kutosha usiku wa kuamkia safari. Kwa kuwa barabara ya Keroka na Sotik ina kona na milima mingi, watoto wapewe uji na mkate asubuhi, si vyakula vya mafuta, ili wasitapike.

KAMBI YENYEWE

Malazi hupatikana katika mabweni ya shule zilizofungwa kwa likizo, au katika kambi ya Maskauti iitwayo Rowallan, karibu na Jamhuri. Nafasi iombwe kwa barua miezi kadhaa mbele. Wavulana na wasichana walale mbalimbali, na kila upande uwe na mwalimu wake. Ni vema watoto wafanye jaribio la usiku mmoja katika uwanja wa shule yao wenyewe, wajifunze kutandika, kuosha vyombo na kuamka kwa filimbi. Anayelia kwa kumkumbuka mama yake atajulikana hapo, karibu na kwao, ambako ni rahisi kumtuliza.

Watoto wagawanywe katika vikundi vya watu kumi au chini yake, kila kikundi na mtu mzima wake, na kila mtoto awe na mwenzi asiyeachana naye. Wahesabiwe kila wanapopanda basi na kila wanaposhuka. Kibandiko cha kifuani kiwe na jina la shule na nambari ya simu ya mwalimu, wala si jina la mtoto, kwa sababu mtu mbaya akimwita mtoto kwa jina lake, mtoto hudhani ni ndugu. Nambari hiyo waijue kwa moyo. Wafundishwe pia kwamba aliyepotea asitangetange, bali asimame pale pale au amwendee askari.

MAMBO YA KUONA

Kosa la kawaida ni kutaka kuona kila kitu. Mahali pawili kwa siku panatosha. Kwa watoto wa Kisii na Nyamira, ambao kaunti zao hazina reli wala mbuga ya wanyama, Makumbusho ya Reli na Mbuga ya Taifa ya Nairobi yana faida kubwa. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1946, na ndani yake simba na vifaru huishi mkabala wa majumba ya mji. Ndovu hawaishi humo porini, lakini ndama yatima wa ndovu hulelewa kando yake, na wageni huruhusiwa kuwatazama saa tano hadi saa sita mchana. Viingilio vya mbuga hulipwa kwa njia ya eCitizen, wala si kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo mwalimu asingojee hadi siku hiyo.

Katika Makumbusho ya Taifa yamo mabaki ya kijana wa Turkana, ambayo yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Katika Bustani ya Uhuru watoto husimama mahali ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963.

Wanaotaka kuliona Bunge likifanya kazi wakumbuke kwamba Bunge la Taifa hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kwamba wabunge nao wana likizo zao. Barua ipelekwe kwa Karani wa Bunge mapema, kuuliza siku. Kaunti ya Kisii ina majimbo tisa ya uchaguzi, na Nyamira ina manne. Mtoto aliyekwisha kujifunza hayo darasani atakapoketi juu na kutazama chini, atajua anamtafuta nani.

BAADA YA KURUDI

Watoto wakisharudi, kila mmoja aandike au achore jambo aliloliona, na wasomewe wale waliobaki nyumbani. Kisha wazazi waitwe, wasomewe hesabu ya mwisho: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Senti zilizosalia ziwe mwanzo wa akiba ya darasa linalofuata. Wazazi walioona hesabu safi na watoto wao wakirudi wazima hawatabembelezwa mwaka wa pili. Watakuja wenyewe na shilingi mia zao mwezi wa Oktoba.