Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Ucheshi katika Maandishi ya Safari za Miguu

Katika taaluma ya fasihi, maandishi ya safari yamekuwa mara nyingi kama mgeni aliyefika baada ya chakula kuondolewa: hafukuzwi, wala hakaribishwi mkekani. Mwanahistoria huyasoma apate tarehe na majina ya vituo. Mwanajiografia huyatafutia mito na milima. Mhakiki huyapita akielekea kwenye riwaya na ushairi. Na pale yanapochekesha ndipo yanapopuuzwa zaidi, kwani kichekesho hudhaniwa kuwa kitu chepesi kisichostahili darasa. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kwa nini msomaji aliyeketi kwake hufurahia masimulizi ya mtu aliyechubuka visigino, akalowa mvua na kupotea njia; ni mbinu zipi zinazoleta furaha hiyo; na ni swali gani utanzu huu unaiuliza fasihi ya Kiswahili, lugha ambayo ndiyo iliyoupa ulimwengu neno 'safari'.

Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkaripia mtu asiyejali taabu ya mwingine. Lakini mwandishi wa safari ya ucheshi huigeuza. Yeye aliubeba mzigo wa mawe, kisha, anapoketi kuandika, huupakia usufi kwa makusudi ili msomaji aweze kuubeba akicheka. Ufundi wake wote umo katika mageuzi hayo. Akiacha mawe yote ndani, kitabu kitakuwa malalamiko. Akiyaondoa yote, kitakuwa porojo. Msomaji hana budi kuhisi kwamba chini ya usufi kuna jiwe.

Kabla ya kutazama mifano, yafaa kuweka mipaka. Si kila safari ya miguu inaweza kusimuliwa kwa ucheshi. Yapo masharti matatu ambayo hayakosekani katika kazi mashuhuri za utanzu huu. Kwanza, msafiri amekwenda kwa hiari yake; angeweza kubaki nyumbani. Pili, nia yake ni kubwa kuliko uwezo wake, na pengo lililoko kati ya viwili hivyo ndilo chimbuko la kicheko. Tatu, amerudi salama, na msomaji anajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Taharuki ya kitabu cha namna hii haitokani na swali kama msafiri atakufa au atapona. Inatokana na swali kama ataaibika kwa kiasi gani.

Mfano wa kwanza ni Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskochi, ambaye mwaka 1878 alitembea kwa siku 12 katika milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, mwendo wa takriban kilometa 200. Kitabu chake, Travels with a Donkey in the Cévennes, kilitolewa mwaka 1879. Stevenson hakuwa mtu wa afya nzuri, na alikuwa ameshonesha mfuko mkubwa wa kulalia ambao hakuweza kuubeba mwenyewe. Kwa hiyo akanunua punda jike, akampa jina la Modestine. Sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu ni habari za mtu msomi anayeshindwa kumwendesha mnyama mdogo: punda anakwenda pole kuliko hatua ya mtu, matandiko yanapinduka mbele ya wanakijiji, na mkulima anayekutana naye njiani analazimika kumfundisha neno la kumhimiza punda. Hapa elimu ya vitabu inakuwa mwanafunzi wa elimu ya njia. Na kichekesho hakikomi kwenye kicheko. Mwisho wa safari Stevenson anamuuza Modestine, na ndipo anapotambua kwamba amemwuza mwenzi wake. Msomaji aliyekuwa akicheka anajikuta amenyamaza. Jiwe limeguswa.

Mfano wa pili ni wa Mmarekani Mark Twain, ambaye kitabu chake A Tramp Abroad kilichapishwa mwaka 1880. Mbinu yake kuu ni kinaya, na kinaya hicho kimeanza katika jina la kitabu: msimulizi anatangaza kwamba atatembea Ulaya kwa miguu, kisha karibu kila mara anapatwa na sababu nzuri ya kupanda gari la moshi, gari la farasi, au chelezo mtoni. Anapopanda mlima Rigi nchini Uswisi ili aone jua likichomoza, anachelewa njiani siku baada ya siku, na anapoamka hatimaye na kutoka nje, jua alilolikimbilia linakuchwa. Kwingineko anatumia chuku bila kificho. Akisikia kwamba barafu ya mlimani husogea, anaketi juu yake pamoja na msafara wake ili imteremshe hadi kijiji cha Zermatt. Ndipo anapopiga hesabu na kugundua kwamba safari hiyo itachukua zaidi ya miaka 500. Chuku hii si mzaha mtupu. Katika karne ya 19 vilikuwapo vitabu vingi vya wapanda milima vilivyojaa majigambo, na Twain anayacheka majigambo hayo kwa kuyafuata mpaka yavunjike yenyewe.

Mwingereza Eric Newby aliufikisha utanzu huu katika karne ya 20 kwa kitabu chake A Short Walk in the Hindu Kush, kilichotolewa mwaka 1958. Newby alikuwa mfanyabiashara wa mavazi ya wanawake jijini London. Mwaka 1956 yeye na rafiki yake mwanadiplomasia, Hugh Carless, walikwenda Afghanistan kupanda mlima Mir Samir, ingawa mafunzo yao yote ya upandaji yalikuwa ya siku chache tu huko Wales, ambako baadhi ya ushauri walipewa na wahudumu wa nyumba ya wageni. Hawakufika kileleni. Fundisho la kitabu hiki kwa mhakiki limo katika mtindo: Newby hapigi chuku kama Twain. Yeye hupunguza. Hatari kubwa anaitaja kwa maneno machache ya upole, kama mtu anayeeleza kwamba chai imepoa. Hata jina la kitabu, linaloita safari ile matembezi mafupi, ni la namna hiyo. Chuku na upunguzaji ni njia mbili zinazotoka pande tofauti na kukutana mahali pamoja, kwani zote zinamtaka msomaji akadirie mwenyewe uzito halisi wa jambo.

Kitabu hicho kinafungwa kwa tukio ambalo lina uhusiano na Kenya. Njiani wakirudi, wasafiri hao wawili walikutana na Wilfred Thesiger, msafiri shupavu ambaye baadaye aliishi kwa miaka mingi Maralal miongoni mwa Wasamburu. Jioni, Newby na Carless walipoanza kupuliza magodoro yao ya hewa ili walale juu ya ardhi ya mawe, Thesiger aliwatupia neno moja la dharau kwamba hawakuwa wanaume wa kutosha. Hapo kitabu kinakwisha. Mwandishi hajitetei. Anamwachia mtu mwingine tamko la mwisho, nalo ni tamko la kumdunisha. Mwandishi wa majigambo asingeweza kufanya hivyo hata kwa kulipwa.

Kazi iliyosomwa na wengi zaidi katika miaka ya karibuni ni A Walk in the Woods ya Mmarekani Bill Bryson, iliyotolewa mwaka 1998 na kufanywa filamu mwaka 2015. Inahusu njia ya Appalachia, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937. Njia hiyo inaanza Georgia na kuishia Maine, inapita katika majimbo 14, na urefu wake ni takriban kilometa 3,500. Bryson alianza kuitembea mwaka 1996 akiwa na rafiki wa ujanani ambaye kitabuni anaitwa Stephen Katz. Katz ni mnene, hakujitayarisha, na mapema kabisa anachoshwa na uzito wa shanta lake hata akaanza kuvitupa vyakula porini. Kwa uhakiki wa kifasihi, Katz ndiye anayekiokoa kitabu. Msafiri wa peke yake hana wa kujibizana naye, na maelezo ya miti na mvua huchosha. Mwenzi msumbufu huleta mazungumzo, ugomvi na upatanisho, yaani huleta tamthilia. Punda wa Stevenson alifanya kazi hiyo hiyo bila kusema neno.

Wasafiri hao hawakuimaliza njia. Bryson alitembea jumla ya kilometa 1,400 hivi, chini ya nusu. Hata hivyo msomaji haoni kwamba amedanganywa. Katika masimulizi ya ushujaa, kushindwa ni mwisho wa habari. Katika masimulizi ya ucheshi, kushindwa ndiyo habari yenyewe. Zaidi ya hayo, kati ya vichekesho vyake Bryson amepachika sura za historia ya misitu, jiolojia na wanyama waliotoweka. Msomaji aliyelegezwa na kicheko huyapokea maarifa hayo bila kuona kwamba anafundishwa.

Mifano hii minne inaonyesha kanuni moja. Ndani ya kila kitabu mna nafsi mbili zinazotumia jina moja: nafsi iliyotembea na nafsi inayosimulia. Ya kwanza haijui kitu. Inaamini ramani, inajiona shujaa, inajaza shanta vitu visivyofaa. Ya pili inajua yote, kwa kuwa imekwisha kurudi. Kicheko huzaliwa katika umbali ulioko baina ya nafsi hizo. Ndiyo sababu mtu hawezi kuandika kitabu cha namna hii akiwa bado njiani, malengelenge yakiwa mabichi. Na ndiyo sababu pia dhihaka inayofaa ni ile inayoelekezwa kwa msimulizi mwenyewe. Mwandishi anapoacha kujicheka na kuanza kuwacheka wenyeji wa nchi anayopita, umbali ule unageuka kuwa kiburi, na sehemu kubwa ya maandishi ya kale ya Wazungu kuhusu Afrika imeharibika kwa kosa hilo.

Hapa ndipo swali linapoielekea fasihi ya Kiswahili. Haiwezi kusemwa kwamba Waswahili hawakuandika safari. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara, na ya Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wa Kijerumani. Ni nathari safi, yenye macho makali. Lakini wasimulizi hao waliandika kwa kuombwa na Mzungu wakati nchi yao imo mikononi mwa Wajerumani, na safari zao zilikuwa za biashara au za utumishi. Sharti la kwanza, lile la hiari, kwao lilikuwa na mipaka.

Kwa mpagazi hali ilikuwa ngumu zaidi. Mtu aliyetoka mwambao kwenda maziwa makuu na mzigo wa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, alitembea masafa ambayo msafiri wa Appalachia angeyaheshimu. Yeye hakuweza kutupa chakula cha msafara porini kama Katz, wala kuacha njia katikati na kupanda basi. Je, hakucheka? Ushahidi wa lugha unaonyesha kwamba alicheka. Wataalamu kadhaa wameuhusisha utani baina ya makabila ya bara na ya pwani na njia za misafara, ambako watu wasiojuana walihitaji ruhusa ya kutaniana ili waweze kupita, kula na kuzikana. Methali isemayo mtembezi hula miguu yake inabeba ndani yake kichekesho na maumivu yaliyoshikamana. Ucheshi wa safari ulikuwapo. Lililokosekana ni karatasi, na mtu wa kumwuliza mpagazi habari zake kwa faida ya mpagazi mwenyewe.

Bryson mwenyewe anatoa ushahidi wa upande mwingine. Mwaka 2002 alichapisha kitabu kifupi kuhusu ziara yake nchini Kenya, ambacho faida yake ilitolewa kwa shirika la misaada la CARE. Humo ucheshi unabaki pale anapoeleza woga wake wa kupanda ndege ndogo. Afikapo kwa watu wa Kibera, ambao taabu yao si matembezi waliyoyachagua, sauti yake inabadilika na mzaha unarudi nyuma. Mwandishi stadi anajua ni mzigo upi anaoruhusiwa kuupakia usufi: ni wake tu.

Kwa mwalimu wa fasihi, basi, kazi hizi zina manufaa zaidi ya burudani. Zinamwezesha kufundisha kinaya, chuku na nafsi ya msimulizi kwa mifano ambayo mwanafunzi ataisoma kwa hamu. Zinamwezesha pia kumtuma mwanafunzi huyo kwa wazee walioenda kwa miguu shuleni, minadani na mashambani, akaandike safari zao wangali hai wa kuzisimulia. Wengi wao tayari wanazisimulia kwa kicheko. Wanajua tangu zamani jinsi ya kumpa mjukuu kanda la usufi; kilichobaki ni mjukuu kulipokea, kulipima kwa mkono, na kulitambua jiwe lililomo ndani.