Jicho la Mzee Lina Kazi Bado

Wako wazee ambao, wakisikia habari ya kutoa macho yao baada ya kufa ili wasioona wapate kuona, hucheka na kusema: "Macho haya yamekwisha kuzeeka, yatamfaa nani?" Neno hilo lafanana na busara, kwa hiyo yafaa tulipime.

Kioo cha mbele ya jicho, ambacho madaktari hukiita konea, hakina mshipa wa damu. Nyuma yake pana utando wa chembe zitoazo maji yasijae ndani. Yakijaa, kioo huwa cheupe kama ukungu wa asubuhi juu ya Ziwa. Chembe hizo hupungua kila mwaka, nazo zikifa nyingine hazizaliwi. Ndiyo maana mashaka juu ya uzee hayakuwa upuzi.

Mtu wa kwanza kufaidika na konea ya mwenzake alikuwa mfanyakazi, ambaye macho yake yaliunguzwa na chokaa. Daktari Eduard Zirm alimpasua mjini Olomouc tarehe 7 Desemba, 1905, kwa konea ya mtoto wa miaka 11. Hata karne nzima baadaye wapasuaji wengi wa Marekani walikataa konea za watu waliopita miaka 65.

Basi huko huko Marekani, tangu mwaka 2000, wagonjwa zaidi ya 1,000 walichunguzwa. Baada ya miaka 5, konea za watu wa miaka 12 hadi 65 zilikuwa zingali nzima 86 katika kila 100. Za wazee wa miaka 66 hadi 75 je? Vile vile 86! Miaka 10 ilipotimia tofauti ilionekana pembeni tu: waliotoa wakiwa na miaka 12 hadi 33 walipata 96, wale wa 34 hadi 71 wakapata 75, na wale wa 72 hadi 75 wakapata 62. Kwa mtu aliyekuwa gizani, 62 si haba.

Hata hivyo tusiyavute mahesabu hayo kupita kiasi. Wagonjwa wale walikuwa wazee wenye konea zilizovimba. Fundi wa Ijuganyondo aliyerukiwa na kipande cha chuma, au mkulima aliyechomwa na kijiti cha mkahawa jicho likaoza, ana kovu lenye mishipa ya damu, na mwili wake huikataa konea ngeni kwa urahisi zaidi. Huyo matone ya dawa na kurudi kwa daktari humsaidia kuliko ujana wa mtoaji.

Hesabu ya dunia iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa konea ipatikanayo ni moja kwa kila 70 zinazohitajiwa. Katika upungufu huo, kumkataa mzee kwa sababu ya mvi ni anasa. Miwani haimzuii kutoa, wala mtoto wa jicho. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini humzuia. Konea ikitunzwa katika maji ya dawa yenye baridi hudumu hata siku 14, lakini sharti itolewe saa chache tu baada ya kufa, wakati jamaa wangali wakilia. Atakaye kutoa na awaambie wanawe mapema, angali hai.