Barua Ilimhusu Mteja

Likizo ya Desemba inapokaribia, ingia kanisa lolote kati ya Malindi na Mariakani na huenda ukayakuta mahubiri haya: mabinti, jitunzeni, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, acheni disko matanga, zile dansi za usiku kwenye matanga. Mabinti huinamisha vichwa. Kina baba huitikia amina kwa sauti nene, kama watu wanaosimuliwa habari za jirani.

Mahubiri hayo hutoka sura ya sita ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Naomba tuisome tena taratibu, kwa maana aliyekaripiwa humo si binti.

Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili, Lekaioni magharibi na Kenkrea mashariki. Julius Caesar aliufufua mwaka 44 kabla ya Kristo, na wengi wa waliohamishiwa huko walikuwa watumwa walioachwa huru. Mabaharia, wageni, pesa za haraka. Mtu wa Malindi hahitaji kuchorewa picha. Paulo aliuandikia ushirika wa mji huo akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, baada ya kupata habari za waumini waliokuwa wakienda kwa makahaba. Nao walikuwa na hoja yao. Tumbo linadai chakula na mwili unadai chake. Vyote hivyo vitaoza, roho ndiyo itakayobaki, basi kuna ubaya gani?

Paulo hakuwajibu kwamba mwili ni mchafu. Aliwajibu kwamba mwili utafufuliwa, kwa hiyo kila unachoutendea kina uzito mbele za Mungu. Wahubiri wengi huteleza hapa: wanataka kuutetea usafi, wanaishia kuutukana mwili. Sisi wa Kilifi hatuna ruhusa ya kuteleza hapo. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Anayesema mwili si kitu, hivyo ufanye utakalo, na anayesema mwili si kitu, hivyo uue kwa njaa, wamekunywa maji ya kisima kimoja.

Hata neno hekalu tumelipunguza. Kwa Kigiriki Paulo alisema naos, yaani chumba cha ndani kabisa, si ua ambao kila mtu hupita. Mmijikenda aliyelelewa karibu na kaya, msitu mtakatifu wa mababu, huelewa upesi. Mti wa Kaya Kauma au Kaya Fungo haukatwi ovyo, na hakuna mzee atakayekwambia sababu ni ubaya wa mti.

Kisha Paulo anafunga hoja kwa lugha ya soko: ninyi si mali yenu wenyewe, mmelipiwa. Wasomaji wake walikuwa wameona watu wakiuzwa, na baadhi yao waliuzwa wao wenyewe. Pwani yetu nayo ina kumbukumbu hiyo. Rabai, mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walifungua misheni mwaka 1846, baadaye pakawa kimbilio la watoro waliokimbia mashamba ya mabwana zao. Mabwana walipokuja juu, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikakubali kulipa fidia, na kuanzia Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa kwa watu zaidi ya 1,400. Fikiria mwanamke aliyekuwa suria, ambaye usiku hakuulizwa lolote, sasa ameshika karatasi. Bei imeshalipwa. Hakuna mwanamume wa kuja tena mlangoni na pesa mkononi akidai haki juu ya mwili ule.

Ndivyo ninavyousoma mstari huo. Kabla haujamwambia binti ajitunze, unamwambia mwanamume mwenye pesa kwamba anataka kununua kisichouzwa. Katika aya zile wanaoonywa ni wale wanaokwenda kwa kahaba. Kahaba mwenyewe hapewi hata karipio moja.

Sasa tazama mambo yetu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono kwa malipo. Kila mtu alitaja watalii, hasa Waitaliano. Lakini kwa hesabu ya ripoti hiyohiyo Waitaliano walikuwa asilimia 18 ya wateja. Wakenya walikuwa asilimia 38, kundi kubwa kuliko yote. Hao hawakushuka kwenye ndege. Wengine, sina shaka, walikuwa na viti vyao kanisani.

Na bado binti akishika mimba, ndiye anayesimamishwa mbele ya ushirika na kunyimwa Meza ya Bwana, huku sponsa wake, yule mwanamume mwenye pesa, akipitisha kikapu cha sadaka. Mtu asiseme Paulo ndiye aliyefundisha hivyo. Sura inayofuata ya waraka huohuo inasema mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Kwa karne ya kwanza maneno hayo yalikuwa mageni kabisa, na sijapata kuyasikia yakihubiriwa kwenye arusi hata moja.

Mchungaji, padri, mwalimu wa katekisimu: msimu huu wa Desemba anza na kina baba. Wasomee sura yote, na uwaeleze kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humfunga si chini ya miaka 10 anayemlipa mtoto kwa ngono. Nawe binti unayelipiwa nauli na bodaboda kwa masharti, namba ya msaada kwa watoto, ya kupiga bila malipo, ni 116.