Kitabu cha Katuni Nilichokichana Kericho

Mwezi uliopita nililala siku tatu Kericho kwa dada yangu. Shemeji yangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na nyumba waliyopewa iko ukingoni mwa shamba. Sisi watu wa pwani huijua chai ikiwa kikombeni, au ikiwa imepangwa kwenye maghala ya Mombasa ikingojea mnada. Kuiona shambani ni jambo jingine. Asubuhi ni ukungu, alasiri ni mvua, na wachumaji wamo ndani yake na vikapu mgongoni.

Mvua hiyo ndiyo iliyonifungia ndani na mpwa wangu wa miaka 11. Alikuwa amejilaza mkekani na kitabu cha katuni alichokinunua kwenye mitumba ya mjini: mtu aliyevaa joho jekundu anainua gari kama sufuria tupu. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita kwenye simu yangu. Nilimwita mara mbili, hakuitika. Mara ya tatu nilikinyakua kile kitabu, na kwa hasira nikakichana katikati.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, umekisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Nilijua tu yale tunayoambiana barazani, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, yanampoteza mtoto, na yanampa binadamu nguvu ambazo ni za Mwenyezi Mungu peke yake. Tangu siku ile nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Vitabu hivi vilianza Marekani katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa nchi ile ulipokuwa umeanguka na watu wakipanga foleni kuomba mkate. Wachapishaji walichukua vichekesho vya picha vilivyokwisha kutoka magazetini, wakavikunja kuwa kijitabu chenye rangi na kukiuza senti 10, bei ambayo hata mtoto wa kibarua angeweza kuipata. Katuni za magazetini zilipoanza kuisha, wakahitaji hadithi mpya.

Mwaka 1938 kikatoka kijitabu kiitwacho Action Comics, na ndani yake Superman kwa mara ya kwanza. Waliomtunga ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, wote watoto wa Mayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Hawakuwa na mali. Shujaa wao naye alikuwa mhamiaji, mtoto aliyetoka sayari nyingine akalelewa ugenini, mchana akifanya kazi ya gazeti na kudharauliwa na wenzake.

Huyo Superman wa mwanzo sio huyu wa sinema. Hata kuruka kama ndege hakuweza, alikuwa akichupa tu kwenye majumba. Na adui zake hawakuwa majitu ya angani. Katika toleo la kwanza alimwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa, akamtia adabu mwanamume anayempiga mkewe, kisha akamwandama mwanasiasa fisadi. Katika toleo la tatu alijigeuza mchimbaji wa mgodi. Mwenye mgodi alikuwa hajali usalama wa wafanyakazi wake. Superman akamnasa chini ya ardhi yeye na wageni wake wa karamu, waonje hofu wanayoishi nayo vibarua kila siku. Alipotoka, yule tajiri aliahidi kuurekebisha mgodi wake.

Hadithi hiyo niliisoma nikiwa bado nasikia mvua ya Kericho masikioni. Mchumaji chai hulipwa kwa kilo. Siku hizi zimeingia mashine zinazofanya kazi ya watu wengi, na Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto kwenye maandamano huko huko Kericho. Sisemi kuchoma mali ya mtu ni sawa. Nasema mtoto anayelala kwenye nyumba za vibarua anaelewa upesi kuliko sisi kwa nini kibarua angetamani kuwa na rafiki ambaye risasi haimwingii.

Na walioitunga ndoto hiyo nao walipunjwa. Siegel na Shuster waliuza hadithi ile ya kwanza pamoja na haki zote za Superman kwa dola 130. Kampuni ikavuna mamilioni. Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 hawakumpata shujaa wao, na majina yao yakaondolewa kwenye kazi waliyoitunga wenyewe. Ilipofika mwaka 1975, wakiwa watu wazima na hali ngumu, baada ya kelele nyingi za umma, ndipo wakakubaliwa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa. Jani la chai nalo hushuka Mombasa likauzwa mnadani, na jina la aliyelichuma halimo kwenye mfuko.

Lakini tusivisifu vitabu hivi kupita kiasi. Pamoja na mashujaa wa mjini zilikuwako hadithi za safari na misitu. Tarzan alianza kuchorwa magazetini mwaka 1929, na mwaka 1938 akaingia Sheena, malkia wa msituni. Mtindo ni mmoja: Afrika ni pori, Mweupe ndiye mwenye akili, na Mwafrika ama ni mpagazi anayetetemeka ama ni mshenzi mwenye mkuki. Mtoto wetu akisoma hayo peke yake, bila mkubwa wa kumwambia neno, atajifunza kujidharau. Hapo hofu ya wazazi ina msingi.

Ila hofu hiyo si yetu peke yetu. Wamarekani wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1940, walikusanya vitabu vya katuni vya watoto wao wakavichoma hadharani. Mwaka 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu akisema katuni zinazaa wahalifu, na Baraza la Seneti likafanya kikao juu yake. Wachapishaji wakaogopa, wakajiwekea kanuni kali. Kanuni hizo ziliondoa picha nyingi za damu na kutisha, lakini pia zilikataza kuonyesha polisi au hakimu kwa namna ya kuvunja heshima ya serikali. Ilikuwa vigumu tena shujaa kumwandama mkubwa fisadi.

Afrika Mashariki hatukukaa mikono mitupu. Wenye umri wa wazazi wangu wanamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara, aliyesimuliwa kwa picha za kamera. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi yake Nairobi, alimchora Akokhan, shujaa mwenye nguvu za jadi za Kiafrika. Na mwaka 2010 likaja Shujaaz, kijitabu cha Sheng kilichogawiwa bure ndani ya Daily Nation, ambacho kijana wake mkuu hana nguvu yoyote ya ajabu ila redio ya siri na maneno.

Siku ya mwisho nilinunua gundi ya karatasi, tukakiunga kile kitabu, mimi na mpwa wangu, kisha nikakisoma chote. Nilimwomba radhi. Tukakubaliana kwamba sala ina wakati wake na kitabu kina wakati wake. Akaniuliza, "Mjomba, kwani Pwani hakuna shujaa?"

Nikamsimulia Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru mpaka siri yake ilipofichuka: sindano ya shaba, tena kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe. Akasema huyo ana udhaifu kama Superman. Nikamwambia Liyongo ndiye aliyetangulia. Kisha nikamsimulia Mekatilili wa Menza, aliyekamatwa mwaka 1913 kwa kuwaongoza Wagiriama dhidi ya Mwingereza, akapelekwa kifungoni Kisii, si mbali na Bomet, na mwaka 1914 akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Shemeji naye akaongeza ya kwao, jinsi ukoo wa Talai ulivyohamishwa kutoka Kericho kwa sheria ya mwaka 1934 na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Mtoto akachukua daftari akaanza kuchora mwanamke anatembea katikati ya chai. Nilimwambia wakati ule mashamba haya hayakuwapo bado. Akafuta, akachora msitu.

Wazazi wenzangu, ukimkuta mtoto na kitabu cha katuni, kaa naye usome kwanza. Palipo na dharau kwa watu wetu, mwonyeshe. Na wale vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wenye mkono wa kuchora, Liyongo na Mekatilili wanawangoja. Mkishawachora, msiuze haki zenu kwa dola 130.