Kinasi Isiyozimika

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia, Marekani, waliona katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu kromosomu iliyo fupi kuliko kawaida. Kwa miaka 13 haikujulikana kipande kilikwenda wapi, hata Janet Rowley wa Chicago alipoonyesha, mwaka 1973, kuwa kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande.

Katika mabadilishano hayo jeni ya ABL huungana na jeni ya BCR. Yafaa mwanafunzi azingatie hapa: ABL hutengeneza kinasi, yaani kimeng'enya kinachotwaa fosfati kutoka katika ATP na kuibandika juu ya protini nyingine ili kuiamsha. Kinasi ya kawaida huwashwa na kuzimwa. Hii ya mchanganyiko haizimiki, na seli nyeupe za damu huongezeka katika uboho pasipo kikomo.

Dawa iitwayo imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukalia nafasi ya ATP ndani ya kinasi hiyo. Ni kidonge tu cha kumeza kila siku, lakini wengi ambao zamani wangaliishi miaka michache sasa huishi karibu sawa na wenzao wasiougua. Kwa baadhi yao, hata hivyo, jeni hubadilika tena, dawa ikakosa pa kukaa.